Kabla ya Kuagiza Baiskeli ya Resi, Pitia kwa Fundi

Fundi aliichomeka tyubu mpya kwenye ringi, akaitoa, akaichomeka tena, kisha akanitazama kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba ya jirani. Vali haiingii. Ringi yangu ilikuwa na tundu la milimita sita na nusu hivi, la ile vali nyembamba ambayo unalegeza kichwa chake kwanza ndipo ujaze upepo. Tyubu niliyoitoa dukani dakika kumi kabla ilikuwa na vali nene kama ya gari, na hiyo inataka tundu la milimita nane na nusu. Baiskeli iliyosafiri maelfu ya kilomita imekwama Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, hapa Tanga, kwa ajili ya milimita mbili.

"Nitoboe?" akauliza mzee, mkono tayari uko kwenye drili.

Niliruka. Kutoboa ringi niliyoilipia kwa dola? Nikamwambia hapana mzee wangu, acha tu. Nikaikokota hadi Chumbageni kwenye jua la saa saba mchana, watu wakinipa pole njia nzima kana kwamba nimefiwa. Nikaagiza tyubu mbili Dar es Salaam. Zilichukua wiki tatu. Ya kwanza ikatobolewa na waya wa tairi la lori siku ya nne tu, kule Pongwe, barabara inayopita malori ya saruji usiku na mchana. Ya pili haikumaliza mwezi. Nikarudi kwa mzee yule yule.

"Shikamoo. Toboa."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utarudi."

Ilimchukua dakika tano. Alitoboa, akachukua tupa ya mviringo akasugua kingo za tundu mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, maana ukingo mkali ndio unaokata shina la vali. Kisha akatwaa tyubu ya baiskeli ya 26, ile ya baiskeli za milimani inayouzwa kila kona ya mji huu, akaivuta ikaingia kwenye ringi kubwa zaidi. Ikivutwa hivyo inakuwa nyembamba, inakaa sawasawa ndani ya tairi la resi. Ringi ile ni ya alumini, nene ya kutosha. Ingekuwa ya kaboni yeye mwenyewe asingeigusa, na aliniambia hivyo. Huu mwaka wa pili inatembea.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ya mabishano yasiyokwisha kwenye kikundi chetu. Tuko wanane, siku za likizo tunafika kumi. Jumapili baada ya swala ya alfajiri tunakutana Raskazone, tunapita Bombo, tunaukata mji, tunashika barabara ya Horohoro mpaka Amboni au Mabokweni, na wenye pumzi wanaendelea mbele. Saa tatu tunakuwa tumerudi kabla jua halijawa jua. Kila mmoja wetu anapopata fedha, iwe mkopo wa SACCOS au mauzo ya machungwa ya shamba la Muheza, swali ni lile lile: niagize baiskeli mpya mtandaoni au ninunue dukani? Mwaka huu ni zamu ya kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, na kwa miezi miwili sasa kila Jumapili tunapanda baiskeli kwa saa mbili na kubishana kwa saa moja.

Rai yangu ni kwamba swali lenyewe tumeliazima mahali pengine, na ndiyo maana majibu yake hayatukai.

Huko lilikotoka, Ulaya na Marekani, duka la baiskeli ni vitu vitatu chini ya paa moja. Yuko muuzaji, yuko mtu wa kukupima mguu na mkono akakuchagulia saizi, na yuko fundi nyuma ya pazia. Unaponunua dukani unavilipia vyote vitatu, ndiyo maana bei iko juu. Kampuni ya Canyon ya Koblenz, Ujerumani, ilijenga jina kwa kuliruka duka kabisa: unabofya, sanduku linakuja nyumbani, fedha ambayo angeichukua mwenye duka inabaki mfukoni kwako. Kule biashara hiyo inawezekana kwa sababu baiskeli ikiharibika mtaa wa pili kuna fundi mwenye spana zake zote, na mnunuzi wa mtandaoni katika Umoja wa Ulaya ana haki ya kubadili mawazo ndani ya siku 14 tangu apokee mzigo. Mizani ya kule ni rahisi: bei nafuu upande huu, huduma upande ule.

Sasa njoo Tanga. Hapa vile vitu vitatu havikai pamoja, na kimoja hakipo kabisa. Muuzaji yuko dukani. Fundi yuko barazani, chini ya mwarobaini, na beseni lake la maji ya kutafutia pancha, na hana udugu wowote na duka. Mpimaji hayupo popote. Kwa hiyo mtu anayesema "nunua dukani upate huduma" anakuahidi kitu ambacho duka halikiuzi, na anayesema "agiza mtandaoni kwa sababu unaruka gharama ya duka" anasahau kwamba gharama ile ya duka hapa haikuwapo tangu mwanzo.

Inauma zaidi kwa sababu huu ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba tangu ya kwanza hadi ya ishirini na moja, na mtu wa bara akishuka stendi ya Kange jambo la kwanza linalomshangaza ni kuona akina mama wa makamo wamepanda baiskeli, buibui limekusanywa vizuri lisiingie kwenye cheni, wanakwenda sokoni kama kawaida. Wauza samaki wanatoka Deep Sea na tenga nyuma. Bodaboda imewapunguza, haijawamaliza. Mji wa namna hii ungetarajia maduka yake yaijue baiskeli kama wavuvi wanavyoijua bahari.

Nilifanya zoezi dogo. Niliingia kwenye duka moja kubwa kiasi, zimening'inizwa baiskeli toka mlangoni hadi dari, bado zimefungwa maboksi kwenye fremu na nailoni kwenye viti. Ziko za mtindo wa Phoenix, nyeusi, za kazi. Ziko za milimani zenye springi mbele na rangi zinazopiga kelele. Ziko za watoto. Na kwenye kona, moja yenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo, imeandikwa jina ambalo sijawahi kuliona popote. Nikauliza, "Hii fremu yake saizi gani, kaka?"

"Hiyo ni 28."

"28 ni tairi. Nauliza fremu."

"Fremu ni hiyo hiyo, kiti kinapanda na kushuka."

Nikaomba niijaribu hapo nje, nifike tu kwenye kona nirudi. Hapana, ikigusa lami imekuwa mtumba. Kwa mantiki yake hakukosea. Lakini duka likishaninyima kukaa juu ya baiskeli, lina tofauti gani na picha ya kwenye simu? Ubora mkuu wa duka juu ya mtandao ni kwamba kitu kiko mbele yako na mwili wako uko hapo hapo. Akikizuia hicho, ananiuzia mbuzi ndani ya gunia, tofauti ni kwamba gunia limening'inizwa darini.

Na hilo neno "28" nalo lina mkosi wake. Baiskeli kongwe za mtindo wa Kiingereza, zile tulizobebwa nyuma tukiwa wadogo, zina tairi tunaloliita 28, na kipenyo cha ringi yake, pale tairi linapokaa, ni milimita 635. Baiskeli ya resi ya leo nayo dukani inaitwa 28, lakini ringi yake ni milimita 622. Milimita kumi na tatu tu. Ukilichukua tairi la Phoenix ukalivika kwenye ringi ya resi litaingia bila kusukumwa, utafurahi, na utakapojaza upepo litachomoka kama kofia. Namba zote mbili zimechapwa ubavuni mwa tairi, kwa herufi ndogo, mfano 28-622 au 40-635. Nimewaonyesha wauzaji watatu namba hizo. Wawili waliniambia ni namba za kiwandani. Wa tatu aliniuliza kama mimi ni mtu wa TRA, wale wa kodi.

Basi twende mtandaoni. Hapa pia tusijidanganye, kwa sababu mtandao tunaoutumia ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni ule wa picha za Instagram, muuzaji yuko Kariakoo au popote Dar, baiskeli imepigwa picha mbele ya ukuta mweupe na chini pameandikwa "bei njoo inboksi". Unalipa kwa simu, sanduku linapandishwa basi, na baada ya kilomita 350 hivi linashushwa Kange kutoka chini ya mikungu ya ndizi. Kwa kweli hili ni duka, limesogezwa mbali tu. Mapungufu ya duka liliyabeba yote, likaongeza la kwake: huna uso wa kurudia. Faida yake ni kwamba hawa wa Dar wanaleta baiskeli za resi za kweli, na baadhi wanajua wanachouza. Jinsi ya kumtambua anayejua ni rahisi. Mwombe akupimie kwa futi, mbele ya kamera, urefu wa bomba la juu la fremu toka chini ya kiti mpaka kichwa cha usukani. Anayejua atapima. Asiyejua atakutumia picha nyingine ya ukuta mweupe.

Wa pili ni kuagiza nje hasa. Tuchukue hesabu ya kubuni tu, tuone njia ya fedha. Baiskeli ya dola 1,000 imepunguzwa asilimia 10, imekuwa 900, na moyo unadunda. Nauli ya sanduku refu lile, ambalo wasafirishaji hulitoza kwa ukubwa wake na si kwa kilo tu, tuseme 250. Bima 20. Tumefika 1,170. Kodi za forodha hazipigwi juu ya ile 900 uliyoifurahia, zinapigwa juu ya jumla yenye nauli na bima ndani. Tuseme zote kwa pamoja zikaja robo: 292 na nusu. Sasa uko 1,462 na bado hujamlipa wakala wa kutoa mzigo wala basi la kuja Tanga. Dola mia ya punguzo ilishapotea tangu kwenye nauli. Sisemi usiagize. Nasema wanaojisifu kwenye kikundi kwamba waliokoa fedha huwa wanataja ile namba ya kwanza, na sisi tunawaacha kwa adabu.

Kisha lipo suala la saizi, na hapa nakiri. Mimi nina sentimita 168. Jedwali la saizi la kampuni iliyoitengeneza liliniweka mpakani, kati ya fremu ya sentimita 52 na 54. Nikanunua 56. Kwa nini? Kwa sababu 56 ndiyo iliyokuwa na punguzo. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba punguzo kubwa huangukia saizi na rangi zilizobaki baada ya watu kuchukua zilizowatosha. Nilipanda baiskeli ile mikono imenyooka kama napigiwa saluti, shingo inawaka moto nikifika Amboni. Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili aliniangalia napita mara moja tu akasema, "Umevaa kanzu ya kaka yako." Tulibadilisha ile shingo inayoshika usukani, ya milimita 110 tukaweka ya 80, tukakisogeza kiti mbele. Imepungua, haijaisha. Wenyewe tunasema waja leo waondoka leo kwa mgeni anayenogewa na Tanga akaahirisha safari. Fremu yangu ya 56 nayo ilikuja na haiondoki, kwa sababu kuirudisha ni nauli nyingine ya dola 250.

Kuhusu dhamana nitasema kwa kifupi. Karatasi ya dhamana ina uhai wa aliyeiandika. Wiggle, duka la mtandaoni la Uingereza ambalo wapanda baiskeli wa nchi nyingi walilizoea kwa zaidi ya miaka ishirini, lilishikwa na wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023. Waliokuwa na madai walijifunza kusimama kwenye foleni. Mtu wa Makorora, hapa Tanga, kwenye foleni ile asingeiona hata shingo ya aliye mbele yake.

Sanduku lenyewe likifika, kuna kitu kimoja kidogo kuliko kidole gumba ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Nyuma, pale mashine inayohamisha cheni inapofungwa kwenye fremu, kuna kipande cha alumini kama sikio. Kimetengenezwa makusudi kiwe dhaifu, ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe na fremu isalimike. Sanduku likilalia upande ule ndani ya basi, sikio linapinda, na gia zinaanza kuruka kabla hujatoka hata getini. Sasa balaa lake ni kwamba masikio haya hayalingani. Karibu kila fremu ina la kwake, na huwezi kukopa la jirani. Bei yake ni ndogo ukiliagiza pamoja na baiskeli. Ukiliagiza peke yake linapanda ndege kama mheshimiwa. Hakuna duka wala tangazo lililowahi kuniambia habari hii. Aliyeniambia ni fundi, baada ya la kwangu kupinda, akiwa amelishika kwa koleo analirudisha nusu milimita, anafumba jicho moja, anarudisha nusu nyingine.

Ndipo nilipobadili msimamo. Zamani nilikuwa upande wa mtandao, na kwa hasira ya shingo nikahamia upande wa duka. Sasa nasema anza kwa fundi, na mahali pa kununulia ujue baadaye. Fundi ndiye atakayeishi na baiskeli hiyo miaka kumi. Wewe unaipanda tu. Mpelekee simu yako yenye picha na orodha ya vipuri, keti kwenye benchi, muulize kimoja kimoja: hiki kikiharibika utakitoa wapi?

Nilipofanya hivyo na kijana wetu mwalimu, asubuhi ile moja ilitufundisha kuliko miezi miwili ya kubishana. Alikuwa ameipenda baiskeli yenye gia 12 nyuma, kundi la Shimano 105, yaani seti ya gia na breki ya kampuni hiyo ya Japani. Mzee hakuwa na neno na Shimano. Anawaheshimu Wajapani kuliko sisi sote. Akauliza tu cheni yake. Cheni ya gia 12 ni nyembamba, ya aina yake, mjini haipo. Kisha akatuonyesha jambo ambalo lilinifumbua macho. Baiskeli za milimani zilizojaa mjini zina gia sita, saba au nane nyuma, na cheni ya zote hizo ni moja. Shimano hao hao wametengeneza kundi la resi linaloitwa Claris, la gia nane. Maana yake baiskeli ya resi yenye Claris ikikata cheni Mikanjuni, cheni ya kuokoa siku inapatikana kwenye duka lolote lenye vitu vya baiskeli za milimani. Kwa wakosoaji wa magazeti ya Ulaya Claris ni ngazi ya chini, ya wanaoanza. Kwa mtu wa Tanga ndiyo ngazi yenye vipuri.

Tukaenda hivyo hivyo chini ya orodha. Breki za mafuta: je, tunayo mafuta yake? Za Shimano zinataka mafuta ya madini, na ukimwaga mle mafuta ya breki ya gari, ambayo ndiyo yaliyojaa kila duka la vipuri, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Breki ya waya inatengenezwa hata na mtoto wa darasa la sita. Ekseli ya katikati, pale pedeli zinapozunguka: iliyofungwa kwa nyuzi za skrubu inafunguka kwa spana, na iliyopachikwa kwa kushindiliwa inahitaji kifaa maalumu, na asiye na kifaa atatumia nyundo. Mzee alisema hayo akiwa ameshika nyundo, tukacheka wote. Spoku: magurudumu ya kisasa ya kupendeza yana spoku 20 au 24. Zile baiskeli kongwe za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma. Spoku moja ikikatika kati ya 20, ringi inapinda papo hapo na kusugua breki, na umebaki kuita bodaboda ikubebee wewe na baiskeli. Kati ya 32 au 36 unafika nyumbani unachechemea kidogo. Mwisho nafasi ya tairi. Fremu isiyopokea tairi la zaidi ya milimita 25 ni ya kutembelea lami ya wenzetu. Chukua inayopokea 32.

Na chumvi. Tunaoishi karibu na maji tunaona kutu kama sehemu ya hali ya hewa, lakini ipo kutu isiyoonekana. Bomba la kiti la alumini likikaa ndani ya fremu ya chuma, kwenye hewa yenye chumvi, bila grisi, mwaka wa pili vimeoana na hakuna talaka. Baiskeli za sandukuni huja na grisi kidogo kama mafuta ya nywele ya msafiri. Mzee huzifungua zote, mpya au kuukuu, anazipaka upya kabla hajakuruhusu uondoke. Anaiita kuozesha upya. Nilidhani ananitafutia gharama, mpaka nilipoona fremu nzuri ya jamaa mmoja ikikatwa kwa msumeno.

Ipo njia ya tatu ambayo wabishi wetu wanaidharau kwa sababu haing'ai: mtumba. Baiskeli za resi kutoka Japani na Ulaya zinaingia kwenye makontena pamoja na friji na magodoro. Nyingi ni fremu za chuma za miaka ya nyuma, nyuzi za skrubu kila mahali, breki za waya, spoku 32 au 36, yaani karibu orodha yote ya mzee imetimia bila kuombwa. Unaipanda kabla ya kulipa, maana mwenye nayo haogopi lami. Zina hatari yake: ringi nyingine za zamani za resi si 622 wala 635 bali 630, na matairi yake utayatafuta kwa tochi. Kwa hiyo soma ubavu wa tairi kabla ya kusoma jina la kwenye fremu.

Wenye maduka watakasirika nikisema hivi, lakini naona wanajipiga wenyewe. Wakilia kwamba vijana wote wanaagiza mtandaoni, nawauliza: tairi la 622 unalo? Tyubu ya vali nyembamba unayo mbili tu, za akiba? Unakubali nikuachie kitambulisho changu niizungushe mtaa mmoja? Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaji mkubwa. Duka likiweka boksi moja la tyubu zile na matairi manne, sisi wanane tungekuwa wateja wake mpaka mvi, na angejua saizi zetu kama fundi cherehani anavyojua viuno vya mtaa. Hata kuagiza nje angeweza yeye, kwa oda, sanduku tano mara moja, nauli igawanyike.

Na sisi wanunuzi tuna aibu yetu. Tunamlipa msafirishaji dola mia mbili na hamsini bila kukohoa, lakini mzee akitaja elfu kumi kwa kukaa nasi asubuhi nzima juu ya benchi, tunapandisha sauti, "Hee, mzee, si umeangalia tu?" Kuangalia kwake ndiko kulikotuzuia kununua cheni ambayo mji huu hauna. Mwalimu alitoa elfu tano, akajipunguzia kwa mdomo wake mwenyewe. Nikaongeza nyingine tano nikiwa nimemkunjia uso.

Alichonunua hatimaye ni fremu ya chuma ya mtumba, ya bluu, sentimita 54, aliyoipanda mara tatu kuzunguka uwanja wa Mkwakwani kabla ya kutoa fedha. Magurudumu yalikuwa yamechoka, kwa hiyo hayo ameyaagiza kwa muuzaji wa Dar, mmoja aliyekubali kupima kwa futi mbele ya kamera: ringi 622, spoku 32, tundu la vali nene. Hilo la tundu mzee ndiye aliyemwandikia kwenye karatasi ya sigara, akalipigia mstari mara mbili. Basi limechelewa tangu jana. Fremu imening'inizwa kwenye mwarobaini, haina magurudumu, na kila anayepita Barabara ya Kumi na Mbili anamuuliza mzee kama inauzwa.